Nakhumicha Alivyofuta Diski

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi na nusu jioni, Nakhumicha alikuwa na kazi tatu ambazo hakuhitaji kukumbushwa. Alivua sare na kuitundika, akachota maji ndoo moja kutoka kwenye tangi la ploti, kisha akamchemshia nyanyake chai. Nyanya huyo aliitwa Kukhu, kwa kuwa ndivyo wanavyosema watu wa Bungoma, na hapo Free Area, mjini Nakuru, hata majirani wasiojua Bungoma iko upande gani walimwita hivyo hivyo. Kukhu alikipokea kikombe, akaketi kwenye kigoda mlangoni, akanyoosha mkono wa pili. Mkono huo ulikuwa unangoja rekoda.

Rekoda yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha rangi ya kijivu kinachoenea kiganjani. Haikutumia kanda. Ilitumia diski ndogo iliyofungiwa ndani ya kasha lake la plastiki, na kasha hilo lingeweza kukaa mfukoni mwa shati. Miaka ishirini iliyopita watu wa redio na wanamuziki walitembea nazo kwa maringo, na leo hata dukani ukiiulizia utatazamwa vibaya. Anko Makokha, mdogo wake babake Nakhumicha, aliitumia wakati ule kurekodi kwaya za makanisa. Siku moja mwaka wa 2004 alimketisha babake, mzee Sitati, mumewe Kukhu, akamwekea maikrofoni mbele. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli. Akaimba na kusimulia kwa saa moja na dakika mbili, akanyamaza, akadai chai. Mwaka uliofuata alifariki. Hakukuwa na video wala kanda nyingine. Sauti yote ya mzee Sitati iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya diski hiyo moja, na Kukhu aliisikiliza robo saa kila jioni kwa spika ndogo za masikioni, chai ikipoa mkononi.

Shida ilianzia Kihoto. Anko Makokha anaishi katika mtaa huo wa Naivasha ulio karibu na ziwa, na ziwa likifura huwa halibishi hodi. Mwaka wa kisa hiki maji yaliingia nyumbani mwake hadi magotini, yakaiua kompyuta yake kuukuu, ile iliyokuwa na programu ya kuelewana na rekoda. Vitu vilivyopona alivileta kwa mamake Free Area, likiwamo sanduku la bati lenye diski za kwaya. Kwa kuwa sanduku lilikuwa na kufuli, Kukhu akaanza kuiweka humo diski yake pia, akaona ameihifadhi vizuri. Lakini sanduku lilikaa chini ya kitanda, karibu na mfuko wa nguo za kazi za Nicodemus, babake Nakhumicha. Nicodemus huchimba udongo mweupe kule Kariandusi, udongo laini kuliko unga wa ngano, na vumbi lake halizuiwi na mfuko wala sanduku. Baada ya miezi mitatu diski zote zilikuwa zimepakwa weupe, na sauti ya mzee Sitati ikaanza kukwamakwama.

Jumapili moja Anko Makokha alikuja na laptopu mpya chini ya kwapa.

"Jumamosi ijayo ni ibada ya kumkumbuka mzee," alisema. "Ukoo wote utakuwa hapa. Nataka kila mtu arudi kwake na sauti ya mzee kwenye simu, kabla hii mashine haijakufa kabisa. Ila laptopu hii haina hata mahali pa kuingiza sidii ya ile programu ya zamani. Naku, si wewe uko kwa klabu ya kompyuta?"

"Niko, Anko," alisema Nakhumicha. Alikuwa Gredi ya Nane, na katika klabu hiyo alikuwa mwenyekiti, jambo ambalo alihakikisha kila mtu nyumbani analijua.

"Basi jaribu kuzipatanisha. Ukishindwa, Ijumaa nitakuja twende kwa fundi. Kuna kitu kimoja tu." Anko aliigeuza diski, akamwonyesha kifuli kidogo cha plastiki kwenye ukingo wake, kidogo kuliko punje ya mchele. "Hiki kikiwa kimefungwa, hakuna mashine inayoweza kuandika kitu kwa hii diski wala kuharibu kitu. Usikifungue. Hata kama ni nini."

"Sawa, Anko."

Jumatatu baada ya shule, Nakhumicha aliomba kutumia rekoda. Kukhu alimpa, akabaki na chai yake peke yake mlangoni. Msichana aliiunganisha rekoda na laptopu kwa waya wake wa zamani, na laptopu ikasema haimfahamu mgeni huyo. Alijaribu tundu la upande wa pili. Ikasema vile vile. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Nakhumicha alikuwa na sifa moja nzuri: alipenda kutafuta. Akatafuta mtandaoni, akapata ukurasa uliotengenezwa na watu wanaozipenda rekoda hizo za kale, ambao huwezesha kompyuta mpya kuzungumza na mashine moja kwa moja bila ile programu ya sidii. Ukurasa ulikuwa wa Kiingereza, lakini Anko alikuwa ameipanga laptopu yake itafsiri kila kitu kwa Kiswahili, na ikafanya hivyo bila kuombwa.

Alibofya. Rekoda ikanguruma kidogo, na kwenye kioo cha laptopu yakatokea maandishi: SITATI 2004, saa 1 dakika 2. Nakhumicha alifurahi kiasi cha kusimama. Sasa kilichobaki ni kubofya "Pakua" na kuivuta sauti iingie kwenye kompyuta. Lakini kitufe cha "Pakua" kilikuwa kimefifia, na alipokibofya hakikuitikia. Hakujua kwamba waliounda mashine za aina hiyo hawakutaka zitoe kwa waya kile kilichorekodiwa kwa maikrofoni. Alichojua ni kwamba diski ilikuwa na vumbi. Akafungua orodha ya vitufe vingine, akakuta Badilisha Jina, Hamisha, Toa Diski, na chini kabisa, Futa Diski.

Nyumbani kwao neno hilo lilikuwa rafiki wa kitambaa. Futa meza. Futa viatu. Futa huyo mtoto kamasi. Babake akirudi kutoka Kariandusi mwisho wa wiki, maneno ya kwanza anayoambiwa na mkewe huwa ni "Futa miguu hapo nje." Kwa hiyo Nakhumicha alifikiri, na alifikiri kwa makini, kwamba mashine ina namna yake ya kujifuta vumbi ndani. Alibofya. Ukurasa ukamuuliza kama ana uhakika, ukaongeza kuwa kitendo hicho hakiwezi kutenduliwa. Neno "kutenduliwa" hakuwa amewahi kulisikia likitamkwa na mtu yeyote Free Area. Akabofya "Ndiyo".

Ukurasa ukakataa. Diski imelindwa, ukasema.

Hapo alikumbuka kifuli, na hapo pia alianza kujieleza moyoni. Anko alikuwa amekataza kufungua ili kitu kisiharibike. Kufuta vumbi si kuharibu. Isitoshe, angekifunga tena mara moja. Akakisukuma kwa ukucha, akairudisha diski, akabofya tena. Rekoda ilinguruma, ikatulia. Jina la Sitati likatoweka kwenye kioo, na mahali pake pakaandikwa kwamba diski ni tupu.

Mtu aliyezoea zamu ya kufuta ubao darasani angepaswa kujua kwamba ubaoni kinachofutwa ni maandishi. Wazo hilo lilimjia Nakhumicha sasa, likiwa limechelewa dakika moja. Aliitoa diski, akaipuliza, akairudisha. Tupu. Akafikiri pengine ni mashine iliyoharibika na si diski, na kama ni mashine basi si kosa lake. Ili kujua, akachomeka maikrofoni ya Anko, akabonyeza kitufe chekundu, akasema kwa sauti ya chini, "Haloo, haloo. Moja, mbili, tatu. Haloo." Akasikiliza. Mashine ilikuwa nzima kabisa, na sauti iliyokuwemo ilikuwa yake. Ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Akaifuta nayo, akakifunga kifuli, akaipangusa diski vumbi kwa pindo la sketi mpaka ikang'aa, akairudisha sandukuni.

"Imekubali?" Kukhu aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, Kukhu. Kompyuta ni mpya sana."

Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilimchoma zaidi. Jumanne Kukhu aliuliza tena, akajibiwa tena. Hakunung'unika. Alikunywa chai yake akitazama njia, mkono wa pili ukiwa umelala juu ya goti, na Nakhumicha aliona aibu ya kumtazama. Usiku hakula vizuri. Mamake, Joyline, alimgusa paji la uso kuona kama ana homa, na homa haikuwepo.

Jumatano alipotoka shuleni alipitia kwa fundi Kipngetich, mwenye kibanda karibu na soko dogo. Kipngetich alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imeunganishwa kwa utepe mweusi wa umeme, na mezani pake palikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo.

"Sasa, fundi."

"Poa. Umeleta simu?"

"Hapana. Nina swali. Ni la rafiki yangu."

"Rafiki zenu wana shida nyingi," alisema fundi bila kuinua macho. "Na wote huwa wanavaa sare. Sema."

Nakhumicha alieleza habari ya rafiki aliyefuta diski akidhani anapangusa vumbi. Kipngetich aliiweka chini kalamu yake ya kulehemu. Hakucheka, ingawa ilionekana alitaka.

"Sikiliza. Hiyo diski ni kitabu. Mwanzoni kuna ukurasa wa yaliyomo, unaosema hadithi gani inaanza wapi. Huyo rafiki yako amechana ukurasa huo tu. Hadithi zenyewe bado ziko. Lakini mashine ikikosa yaliyomo, inasema kitabu ni kitupu, maana haina akili ya kufunua ndani."

"Kwa hivyo inaweza kurudi?"

"Inaweza, kama hakuna mtu ameandika juu yake. Ikiandikwa juu, hapo pameisha, hata mimi siwezi. Kuna mtu amerekodi kitu baada ya kuifuta?"

"Hapana," alisema Nakhumicha, haraka mno.

Fundi alimtazama juu ya miwani kwa muda. "Basi mwenye mashine aje. Lazima niifungue, na siwezi kufungua kitu cha mtu bila yeye kukubali. Naweza kuimaliza kabisa."

Jioni hiyo Nakhumicha alisimama mbele ya Kukhu na mamake, akasema. Alisema habari ya kitufe na neno futa na vumbi la Kariandusi. Alisema kwamba fundi ana matumaini. Kifuli hakukitaja. Haloo hakuitaja. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini hadithi ilikuwa nusu.

Mamake alifungua mdomo kumgombeza, Kukhu akainua kidole kumzuia.

"Kwa hivyo siku tatu hizi," Kukhu alisema polepole, "nimekuwa nikingojea kitu ambacho hakipo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Kukhu."

"Mpigie anko wako."

Kukhu aliingia ndani mapema, na kikombe chake kilibaki mlangoni kikiwa kimejaa. Nakhumicha alitamani angepigwa.

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro robo, walikuwa wote katika kibanda cha Kipngetich: Kukhu juu ya kiti pekee kilichokuwepo, Anko Makokha amesimama, Nakhumicha akiwa kati ya mlango na ukuta. Siku iliyotangulia Anko alikuwa ameagiza fundi apelekewe rekoda na, kutoka sandukuni, diski moja ya kwaya aliyokuwa hana haja nayo, na Kipngetich alikuwa ameshinda akirekodi juu yake matangazo ya redio bila kukatiza, mpaka diski ikajaa. Sasa alikuwa na kitabu kingine chenye ukurasa wa yaliyomo uliosema: hadithi ni moja, inaanza mwanzo, inaishia mwisho.

"Kabla ya kuanza," Anko alisema, "kuna kitu sielewi. Ile diski niliifunga kifuli mwenyewe. Ikiwa imefungwa, haifutiki. Naku?"

"Nilikifungua," alisema Nakhumicha. "Uliponikataza nilisikia. Nilifikiri kufuta vumbi ni kitu tofauti."

Anko alivuta pumzi, akazitoa. "Ungenipigia simu. Ningekuambia kwa nusu dakika."

Kipngetich alikuwa amekwisha kuifungua rekoda kwa bisibisi ndogo. Aliingiza diski ya matangazo, akaiacha mashine iusome ule ukurasa wa yaliyomo na kuushika akilini. Kisha akatafuta swichi ndogo inayoiambia mashine kwamba mlango umefunguliwa, akaibana kwa kijiti cha kiberiti ili mashine idhani mlango haujaguswa. Akaichomoa diski ya matangazo, akaisukuma mahali pake diski ya mzee Sitati, kifuli kikiwa wazi. Mashine haikushuku. Akabadilisha herufi moja ya jina la diski ili mashine ione kuna jambo jipya la kuandika, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Rekoda ikanguruma, ikaandika yaliyomo ya diski moja juu ya diski nyingine.

"Tumeidanganya," alisema fundi. "Sasa itaamini humo ndani kuna sauti, na itaenda kuitafuta."

Kuhusu waya wa zamani, alisema wausahau. Rekoda ile haingekubali kutoa sauti kwa njia hiyo hata ikibembelezwa. Aliunganisha tundu la spika za masikioni na kidude kidogo chenye matundu mawili alichokichomeka kwenye laptopu, kwa kuwa laptopu zenyewe siku hizi zina tundu moja la sauti na halijui kupokea vizuri. Rekoda ingepiga, kompyuta ingesikiliza na kuhifadhi. Saa moja na dakika mbili za mzee zingechukua saa moja na dakika mbili, na hakukuwa na njia ya mkato. Akaweka pia spika mezani ili nao wasikie. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

"Ngoja," alisema Nakhumicha.

Asisifiwe kupita kiasi. Alikuwa ameelewa vizuri maelezo ya kitabu, na alijua ni sauti ya nani ingetoka kwanza kwenye ile spika. Hata hivyo bado angeweza kunyamaza, akasubiri, akasema ni mashine. Watu wengi wazima wangefanya hivyo.

"Nilirekodi kitu juu yake," alisema. "Fundi, uliniuliza nikakataa. Nilisema haloo. Nilitaka kujua kama ni mashine imeharibika, ili nisiseme ni mimi. Ni sekunde kumi na moja. Kukhu, pole."

Kipngetich alimtazama Anko, Anko akamtazama mamake. Kukhu alikuwa ametulia, mikono mapajani.

"Bonyeza," alisema Kukhu.

Fundi akabonyeza. Spika ilikwaruza kidogo. *Haloo, haloo,* sauti ya Nakhumicha ikasema kwa woga. *Moja, mbili, tatu. Haloo.* Kisha kimya kifupi, kisha, katikati ya neno, sauti nzito ya mzee ikaingia ikiendelea kana kwamba hakuna aliyeikatiza, ikisimulia juu ya asubuhi ya kwanza aliyoshuka Nakuru akiwa na shati moja na barua ya kazi.

Anko Makokha alijifuta uso kwa mkono mzima. Kipngetich alitabasamu, akajifanya anapanga bisibisi zake. Kukhu alifumba macho. Walisikiliza hivyo mpaka mzee alipoanza wimbo wa kwanza. Hapo Kukhu akafumbua macho.

"Mwanzo kulikuwa na kitu," alisema. "Kabla ya hapo."

"Mzee alisema nini, mama?" Anko aliuliza. "Mimi nilikuwa nahangaika na waya, sikumbuki."

"Aliniita na kunisalimu. Nilikuwa jikoni. Alisema, 'Stesheni, mulembe. Njoo uketi usikilize.' Alikuwa akiniita Stesheni tangu tuoane. Alisema yeye ni mtu wa reli, anaenda kote, lakini ana mahali pamoja pa kurudi. Nilikuwa nikianza hapo kila jioni. Siku nyingine nilisikiliza hapo tu, kisha nikaizima."

Mpaka dakika hiyo Nakhumicha alikuwa akihesabu sekunde kumi na moja kuwa kitu kidogo.

"Mama, ninaweza kuikata hii haloo kwenye kompyuta," alisema Kipngetich kwa upole. "Ni kazi ya dakika moja. Ibada ya kesho ianze na mzee moja kwa moja."

"Hiyo sauti ya Stesheni itarudi?"

"Hiyo hapana. Hiyo imekwenda."

"Basi usikate. Iache kama ilivyo."

Akamwita Nakhumicha kwa kichwa, naye akaja akachutama mbele ya kiti. Mzee Sitati alikuwa anaendelea kuimba nyuma yao.

"Nisikize," alisema Kukhu. "Hukujua maana ya lile neno kwenye kompyuta. Hilo si kosa la kumgombeza mtoto, hata mimi ningelibonyeza. Kufungua kifuli ulichokatazwa, hilo ni kosa, na limekufunza. Lakini hata baada ya hayo yote, sauti ya kuka wako, babu yako huyu, ilikuwa bado imo, yote, haijapungua hata neno. Ungesimama pale pale uniite, nikiwa mlangoni hatua tano kutoka kwako, leo tungekuwa na kila kitu. Iliyotupotezea ni haloo, na haloo uliisema kwa sababu ulikuwa unatafuta pa kujificha. Ukikosea, acha mikono, sema. Kosa likisemwa mapema lina fundi. Likifichwa, unaongeza jingine juu yake, na hilo la juu ndilo linaloharibu."

"Nimesikia, Kukhu."

"Na ukisema, sema yote. Jumatano uliniletea nusu. Nusu ile ingekuja kutuumbua kesho mbele ya watu, na fundi huyu angeonekana hajui kazi yake."

Kipngetich alikohoa kuonyesha kwamba ameafiki. "Lakini leo amesema kabla sijabonyeza," aliongeza. "Mimi hapa kwangu wazee huniletea redio iliyotumbukia ndani ya ndoo, wakaapa haijawahi kuona maji."

Kukhu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Anko akamwinua Nakhumicha kwa bega, akamwambia akae karibu na laptopu aangalie isijizime, kwa kuwa bado zilikuwa zimebaki dakika arobaini. Akakaa. Hakuondoa macho kwenye kioo mpaka mzee alipomaliza wimbo wa mwisho na kusikika akidai chai.

Jumamosi uani kwao palijaa viti vya kukodi. Watu walikuja kutoka Bungoma na Eldoret, na babake Nakhumicha aliomba ruhusa akatoka Kariandusi mapema, akafuta miguu nje. Baada ya maombi, Anko Makokha aliunganisha laptopu na spika mbili kubwa za kanisa, akasema watu wanyamaze.

*Haloo, haloo,* ilisema sauti kubwa juu ya ua mzima. *Moja, mbili, tatu. Haloo.*

Watoto waliangua kicheko. Binamu mmoja wa miaka saba, Makhanu, alisimama juu ya kiti. "Nani huyo anasema haloo? Kwani kuka alikuwa mtoto?"

Anko alisimamisha sauti. Kukhu hakugeuka. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono mapajani, akingoja.

Nakhumicha alisimama. "Ni mimi," alisema. "Nilifungua kitu nilichokatazwa, nikaifuta diski, kisha nikarekodi juu yake ili nijifiche. Hapo niliposema haloo palikuwa na maneno ya kuka. Alikuwa anamwita Kukhu jikoni. Alisema, 'Stesheni, mulembe. Njoo uketi usikilize.'"

Wengi pale uani, hata watoto wengine wa Kukhu mwenyewe, hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo. Shangazi mmoja alilirudia kwa sauti ya chini, kisha mwingine, likapita mstari hadi mstari mpaka nyuma kabisa, ambako mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli aliliitikia kwa kutikisa kichwa.

Kukhu alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika Nakhumicha kiganja, akamvuta akaketi kando yake. Kisha akamwambia Anko aendelee.